Bendera za Meza Moja

Katika karakana yetu ya kushona bendera kuna sheria moja ambayo simruhusu mtu aichezee: bendera mbili zitakazosimama kwenye meza moja hushonwa na mkono mmoja. Kila mkono una mvuto wake wa uzi. Mume wangu huvuta sana, kitambaa kikanywea, mimi huachia. Ukizisimamisha bega kwa bega mbele ya mawaziri, moja inaonekana imepungua, na nchi nzima inanuna.

Basi mwezi ule Umoja wa nchi zetu ulikuwa unavunjika. Redioni wasomi walibishana dunia itagawanyika kambi mbili, tatu, au kila mtu na lwake. Nchi ya kwao mume wangu ilikuwa inajitoa, yangu inabaki. Viongozi walipanga kutia saini Ijumaa, na oda ya bendera mbili ndogo za mezani ikaletwa kwetu. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema kwamba nyasi nazo zitaambiwa ziwashonee fahali bendera.

Kwa watu kama mume wangu tangazo lilikuwa fupi: achukue uraia wa huku au arudi kwao. Baada ya hapo kuvuka mpaka kungetaka viza, na viza isingekuwa rahisi. Mama yake yuko kule. Mimi niko huku. Nilipomuuliza ameamua nini, alinijibu kwamba chai imepoa.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Asubuhi moja nikakuta begi limeshushwa kutoka juu ya kabati na kufutwa vumbi. Nilikwenda kupiga pasi vitambaa ambavyo havikuwa na mkunjo hata mmoja.

Mchana alisogeza kiti karibu na cherehani yangu.

"Mke wangu, hii ya kwetu niachie niishone mimi."

"Na sheria je?"

"Naijua. Mara hii tu."

Nikajua ananiaga. Nilitamani nimrushie mkasi, nikampa kitambaa. Mimi nikashona ya kwetu, yeye ya kwao, tumepeana migongo, na machozi yakaniziba macho hadi pindo zima nikalishona bila kuliona.

Afisa wa itifaki, mama wa makamo, alipokuja kuzichukua alikuwa na futi yake mwenyewe mkobani. Alizisimamisha, akapima, akakunja uso.

"Hii yetu imezidi nusu kidole. Wenzetu watasema tumewadharau. Nani kashona hii ya kwao?"

"Mimi," alisema mume wangu. "Kosa ni langu, mama. Mke wangu atazirekebisha."

"Narudi jioni," alisema afisa, akatoka.

Hapo nikalipuka. "Kama unaondoka, ondoka! Usiniachie vitambaa vya kukukumbukia!"

Alinikodolea macho. "Niondoke niende wapi? Nilishachukua uraia wa huku tangu Jumatatu."

"Na lile begi?"

"La kwenda kumuaga mama kabla mpaka haujafungwa. Nilitaka tuende wote, nikaogopa utasema kazi nyingi." Akaipapasa bendera ya kwao. "Nimeikana nchi yangu kwa kalamu ya ofisini, ile iliyofungwa kamba isiibiwe. Nimetoka pale mdomo mzito, hata wewe nikashindwa kukwambia. Nikaona mtu haagi kwao namna ile. Nilitaka niiage kwa mikono yangu."

Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu, na nilimwonea huruma. Yeye alikwisha kuchukua wembe aanze kuifumua bendera yake. Nikamshika mkono.

"Iache hivyo hivyo."

Nikavuta ile niliyoshona mimi, nikafumua pindo, nikaingiza nusu kidole ndani, nikashona upya huku nauvuta uzi kama avutavyo yeye. Nilipozisimamisha mezani zililingana.

"Umeipunguza ya kwenu," alisema.

"Itazoea," nikamjibu. "Haya, lete hilo begi tuone kama na nguo zangu zitaenea."