Sebule Iliyofika Ruziba Saa Sita Mchana

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Birindwa alikuwa anaingiza gari kinyumenyume kwenye ufukwe wa ziwa pale Ruziba. Yeye alishika usukani. Mbele ya gari watu sita walikuwa wanasukuma, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha kwenye daraja la Kanyosha. Nyuma alisimama mke wake, Consolée, akimwongoza kwa kitambaa cha jikoni.

"Kuja. Kuja. Kuja tu. Simama! Nimesema simama, Papa Irène, unataka kuogesha gari?"

Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeshaingia ziwani. Wale sita wakazunguka nyuma, wakalisukuma hatua tatu mbele, wakaweka jiwe.

Huo ulikuwa mkutano wa mwaka wa Chama cha Wenye Magari ya Kulala. Yalikuja magari kumi na moja. Kulikuwa na ambulansi iliyostaafu, gari la mkate ambalo bado lilinukia mkate, lori la kreti za bia lililotiwa mapazia ya maua, na karavani moja halisi iliyoachwa na Mbelgiji, yenye bomba linalotoa maji ukilifungua. Bomba hilo lilitembelewa sana. Matano kati ya magari hayo yalifika kwa kusukumwa, na wenyewe hawakuona haya. Mjini mafuta, essence kama walivyoyaita, hayakuwa yameonekana kwa siku tisa.

Mwenyekiti, Libère, alikuwa ofisa wa forodha kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuja na daftari, akasimama mbele ya Hiace ya Birindwa.

"Magurudumu?"

"Ine," Birindwa alijibu.

"Vyumba?"

"Mbili, na jikoni," alisema Consolée.

"Salon?"

"Bado, Président. Tunaingojea."

Libère aliitazama ile Hiace ya viti kumi na vinne, kisha akaandika: vyumba viwili, jikoni moja, sebule inasubiriwa. Akawapimia nafasi hatua nne kwa tisa, sawa na wengine wote.

Nyumba yenyewe ilikuwa mjini, mtaa wa Gasenyi. Miaka kumi na tisa iliyopita Birindwa, aliyekuwa amevuka mpaka kutoka Uvira na mzigo wa mabeseni ya plastiki, alinunua kiwanja huko kwa mzee mmoja. Waliuziana kama watu wengi walivyouziana. Muuzaji alitamka neno lake mbele ya watu, mnunuzi akaleta bia, na kila aliyekunywa akawa shahidi. Karatasi haikuandikwa. Walikunywa watu tisa. Birindwa na Consolée walijenga nyumba ya matofali, vyumba viwili, jikoni na sebule, wakalea humo binti yao Irène.

Mzee aliyeuza alifariki. Katika wale tisa, wengine walikufa, wengine walihama. Mwaka jana akaja Sylvère, mtoto wa yule mzee, na karatasi yenye muhuri. Karatasi ilisema kiwanja ni chake na nyumba ni yake. Walipewa mpaka Ijumaa. Walitoka na godoro moja, cherehani na mabeseni yaliyokuwa hayajauzwa.

Fundi Massoudi wa Buyenzi ndiye aliyewatengenezea gari. Alitoa viti, akaweka kitanda, sinki na tangi la maji, na nyuma ya kitanda akakata mlango mdogo wa kulifikia tangi. Wiki ya tatu Consolée alifungua mlango ule kuangalia kama maji yapo, akakuta jikoni yake. Masizi yalikuwa yale yale, na maharagwe aliyoyasahau kwenye bakuli yalikuwa yale yale. Akawasha mkaa, akayapika. Birindwa alisema chumvi imepungua.

Mwezi uliofuata kilikuja chumba chao, halafu cha Irène. Kwa nje Hiace ilibaki vile vile. Massoudi aliitwa kuja kuangalia springi, akalala chini ya gari dakika kumi.

"Haikuongeza hata kilo moja," alisema akijipangusa. "Wallahi, ningependa mizigo ya kila mutu iwe hivi. Springi zingekaa."

Kule Gasenyi, Sylvère alikuwa anahamisha godoro lake. Jikoni ilipoondoka, alipikia chumbani. Vyumba vilipoondoka, alihamia sebuleni. Hakwenda kulalamika popote, kwa sababu angeulizwa nyumba imewafuata akina nani, na kwa nini.

Sasa, Jumamosi ile pale Ruziba, ilibaki sebule, na sebule ilihitajika kesho yake. Irène alikuwa ameposwa kwa maneno na kijana wa Nyakabiga, Dieudonné, na Jumapili baada ya Misa watu wa Dieudonné walikuwa wanakuja kuposa rasmi. Birindwa aliwaelekeza Ruziba, kwa hesabu kwamba wanachama wote wangekaa upande wake kama ukoo. Lakini kuposa kuna mpangilio wake. Pande mbili hukaa zikitazamana, meza ndogo katikati, wasemaji wawili husimama kwa zamu, na mwenye nyumba hujibu. Haifanyiki chumba cha kulala. Na shangazi wa Dieudonné, Mama Annick, aliyekuwa na sauti kubwa katika ule ukoo, alikuwa ameshasema kwamba ng'ombe wake hawaendi kwa watu wanaolala ndani ya basi.

"Tufunge hema hapa inje," Birindwa alisema.

"Inje? Tuwapokee inje kama watu wa foleni ya essence? Apana. Ile salon itakuja."

"Na isipokuja?"

"Basi utaenda we mwenyewe kumuelezea Mama Annick."

Birindwa akaenda kuangalia bomba la Mbelgiji.

Saa sita kamili Consolée alikuwa anakatakata mboga za lenga-lenga jikoni, akasikia kiti kikiburutwa. Kati ya chumba chao na cha Irène kulikuwa na mlango ambao asubuhi haukuwepo. Ulifunguka, akatoka Sylvère. Alikuwa amevaa taulo shingoni, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Akapita jikoni, akapita kwenye Hiace, akashuka, akakanyaga mchanga. Alitazama ziwa.

"Hapa ni wapi?"

"Ruziba," Consolée alimjibu kutoka mlangoni. "Umeamuka je?"

"Vizuri. Mama Irène, hiyo salon ni yangu."

"Maliza kwanza kunyoa. Chakula iko karibu."

Sylvère akarudi ndani kumalizia, kisha akaenda kwa mwenyekiti kudai nyumba yake. Libère akaamuru ving'ora vya ile ambulansi vipigwe, kama katiba ya chama inavyotaka mkutano wa dharura ukiitishwa. Watu walikuja na sahani zao mikononi.

Sylvère alitoa karatasi mfukoni mwa shati. Alikuwa hatembei bila hiyo karatasi. Libère aliisoma kwa sauti: kiwanja kimoja na nyumba moja ya matofali, Gasenyi, mali ya Sylvère. Akaiinua juani, akautazama muhuri.

"Kashe ni ya kweli," alisema. "Mi nimeona kashe miaka makumi tatu. Hii ni ya kweli."

Consolée alikaza kitambaa cha jikoni mkononi. Ndipo fundi Massoudi, aliyekuja mkutanoni na wanachama, akiwa amekaa juu ya tairi anachambua samaki, akauliza bila kuinua kichwa.

"We Sylvère. Siku baba yako anauzisha, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikunywa?"

Sylvère alitazama mchanga. Mtu huyu alikuwa ameweza kuikana biashara ya baba yake ofisini. Lakini kukana bia aliyokunywa mbele ya watu kulikuwa aibu ya namna nyingine, na hakuizoea.

"Nilikunywa," alisema. "Mbili kubwa. Na ya tatu tuligawana na mjomba."

Makofi yalipigwa. Mtu wa gari la mkate alipiga honi.

"Basi we ni shahidi yetu!" Consolée alisema.

"Ndiyo, mi ni shahidi. Baba aliwauzisha, niliona na macho yangu. Feza alipokea, na bia ilikuwa ya baridi. Siwezi kudanganya." Akaikunja karatasi vizuri. "Lakini shahidi haiko na kashe. Hii iko na kashe."

Libère alifikiri kwa muda wa kumaliza samaki mmoja. Alisema ukweli uko upande wa Birindwa na muhuri uko upande wa Sylvère, na kwamba kwa miaka thelathini aliyosimama getini aliona mizigo ikipita upande wa muhuri. Akaandika kwenye daftari: nyumba ni ya Sylvère, inakaa kwa Birindwa. Alisoma mara mbili. Hakuna aliyepinga.

"Sasa muirudishe Gasenyi," Sylvère alisema.

"Na essence gani?" Birindwa aliuliza.

Sylvère akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Alikula samaki wawili wa mukeke na lenga-lenga, akasifu, akatafuta baiskeli ya abiria, akaondoka.

Mchana ule Consolée aliifagia sebule. Viti vilikuwa vyote. Kitambaa cha mezani kilikuwa na doa jipya, akalifunika kwa chombo cha maua. Alipofungua dirisha kutoa vumbi, hakuona ziwa. Aliona ua wa Gasenyi, waya wa kuanikia nguo, na mti wa avoka, yaani parachichi, alioupanda wiki ile waliyohamia. Mlango ulitokea Ruziba, dirisha lilibaki Gasenyi. Akamwita Massoudi. Massoudi aligonga fremu kwa kifundo cha kidole.

"Hii dirisha iliwekwa na fundi mwingine," alisema.

Ilikuwa kweli. Liliwekwa miaka mitatu baada ya nyumba.

Saa kumi, kupitia dirisha lile, walimwona Sylvère anashuka kwenye baiskeli upande wa Gasenyi. Mbele yake nyumba haikuwepo tena. Palikuwa na msingi mtupu, na juu ya msingi dirisha limesimama peke yake hewani na nondo zake nne. Akawaona. Aliinua mkono. Birindwa naye akainua wake.

Jumapili wakwe walikuja watu kumi na wanne, kwa miguu, nguo za Misa, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga. Mama Annick alitangulia. Aliinama kuingia kwenye Hiace, akapita jikoni, na alipofika sebuleni akajinyoosha. Alitazama dari, akakaa kwenye kiti kimoja, akahamia cha pili kukijaribu.

"Salon ni mzuri," alisema. "Lakini kwa nini munaitembeza?"

"Kiwanja ilituchosha, Mama," Consolée alijibu.

Mama Annick alisema viwanja vya siku hizi vinachosha kweli, na kwamba yeye mwenyewe ana kimoja kinachomsumbua. Akavua saa yake akaiweka mezani, dalili kwamba hana haraka. Irène, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mlango wa chumba chake, akaanza kupumua.

Mambo yalikwenda vizuri. Libère alisemea upande wa binti, akachekesha watu kwa kuuliza kama Dieudonné ana kitu cha kutangaza forodhani. Msemaji wa Nyakabiga alijibu kwamba ana moyo tu, na hauna ushuru. Watu walicheka, chupa zikafunguliwa. Waliongelea ng'ombe wa mahari mpaka wakaafikiana. Kisha msemaji wa Nyakabiga akasimama mara ya mwisho, akafunga kifungo cha koti.

"Tunamushukuru mwenye nyumba hii, aliyetupokea."

Birindwa alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno tangu usiku. Akafungua kinywa.

"Asanteni," sauti ilisema dirishani. "Mujisikie kwenu."

Wote waligeuka. Sylvère alikuwa amekaa upande wa Gasenyi, juu ya kigoda, amevaa koti la kanisani. Karatasi alikuwa ameishika kwenye goti. Hakusema kwa ubaya. Alitaja tu mahali pake.

"Ule ni nani?" Mama Annick aliuliza.

Birindwa alikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa refu, lilikuwa na wanywaji tisa wa bia ndani yake na jina la mwizi mwishoni, na shahidi wa kulithibitisha alikuwa pale pale dirishani. Angelitoa, Sylvère angeliunga mkono neno kwa neno, kisha angeonyesha karatasi. Na Mama Annick angechukua saa yake mezani, kwa sababu hakuja Ruziba kupeleka ng'ombe kwenye nyumba yenye kesi. Mlango wa Irène ulikuwa umefunguka kidogo, jicho moja linaonekana. Consolée alikuwa anatazama kitambaa cha mezani.

"Ni mwenye nyumba," alisema Birindwa, akakaa.

"Ah," alisema Mama Annick. "Mbona hamumupe kinywaji?"

Makofi yakapigwa. Irène aliitwa, akatoka na vitenge viwili mabegani, Dieudonné akasimama haraka mpaka akaangusha kiti. Wanachama waliokosa nafasi ndani walipiga honi zote kumi na moja, hata za magari yasiyo na mafuta.

Consolée alikwenda dirishani na chupa. Nafasi kati ya nondo ilitosha chupa, haikutosha sahani, kwa hiyo nyama alimfungia kwenye karatasi ya mkate. Sylvère alipokea kwa mikono miwili. Aliweka chini, akaenda mtini, akarudi ameshika avoka kwenye pindo la koti, kwa sababu si vizuri kupokea bila kurudisha kitu. Zile ndogo zilipita. Zile kubwa hazikupita, zikabaki upande wake.

"Ni tamu sana za mwaka huu," alisema.

Consolée alizijua. Zilikuwa za tawi la upande wa jikoni, lile lililokuwa linakunywa maji yake ya kuoshea vyombo. Alizipanga kwenye aproni, nne.

"Asante sana, Sylvère," alisema.

"Karibu, Mama Irène. Ukitaka zingine, uombe tu."