Malisho ya Sebuleni

Mume wangu Sietse ana wake wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ni tangi la kioo la mita mbili lililosimama sebuleni kwetu karibu na dirisha, na huyo ndiye anayekatwa nywele kila Jumapili kwa mkasi mrefu uliohifadhiwa ndani ya kitambaa. Tangi lenyewe lilikuwa la mimea, myekundu kwa ya kijani, mifupi mbele na mirefu nyuma kama darasa linalopigwa picha, na visamaki vichache vya kupoza macho. Mara tatu mwamuzi wa chama cha wafuga samaki amekuja nyumbani kulikagua kwa ajili ya mashindano, na mara tatu Sietse ameshika nafasi ya pili. Mwaka huu alikuwa ameapa kuwa wa kwanza.

"Naondoka wiki mbili," aliniambia, maana kazi yake ni kutengeneza mitambo ya upepo huko baharini. "Taa zinawaka zenyewe, zinazimika zenyewe. Kazi yako, Froukje, ni kutogusa kitu."

Mimi sikugusa. Aliyegusa ni baba yake.

Baba mkwe wangu, mzee Douwe, alihamia kwetu majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa na ng'ombe themanini wa maziwa. Nyonga yake ilipochoka, na mwanawe wa pekee akawa hataki kukamua, ng'ombe wote walipakiwa kwenye malori asubuhi moja. Tangu siku hiyo Baba alikaa kwenye kiti kilicho kando ya kipasha joto akitazama barabara. Ukimuuliza kahawa, anajibu "Haya." Ukimuuliza kingine, hajibu. Lakini kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya kukamua, alikuwa ameshavaa na kukaa tayari, bila kazi yoyote ya kufanya. Iliniuma sana kumwona.

Basi Jumamosi, chama kilipokuwa na siku yake ya kuuziana samaki kwenye ukumbi wa michezo, nilimvuta twende.

"Nikafanye nini huko?"

"Ukaangalie samaki, Baba. Na wao hawasemi. Mtaelewana."

Alirudi kwenye gari na mfuko wa maji ameuficha ndani ya koti, kaufunga kwa gazeti.

"Piranha, wale wala nyama," aliniambia. "Watano. Yule muuzaji kasema wakikudaka kidole, ndiyo kwaheri. Nimewapata kwa bei nzuri."

"Na utawaweka wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeolewa kwenye ukoo wao kwa bahati mbaya. "Kwenye maji, binti."

Nilipaswa kukataa, najua. Lakini mzee alikuwa amesema sentensi nne mfululizo, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Wakaingia tangini: wa mviringo, bapa, weupe wa kung'aa, ukubwa wa biskuti. Walikwenda wakajibanza pembeni. Baba akavaa zile glavu zake ndefu za kuzalishia ng'ombe, zinazofika begani, akawadondoshea nyama ya kusaga kwa koleo la sukari. Samaki walitawanyika kwa woga, mmoja akaruka na kugonga kifuniko. Baba akaenda kuleta Biblia ya ukoo, ile yenye uzito wa mwanakondoo, akailaza juu ya kifuniko.

"Wakali," alisema kwa fahari.

"Naona," nilisema. "Wamejificha kwa ukali."

Siku tatu nyama haikuguswa. Fahari ikaisha, mzee akaanza kuwa na wasiwasi. "Watakufa," aliniambia. "Kila kitu changu kinaondoka." Wakati huohuo mimea ya Sietse ilizidi kupungua. Mimi nilisingizia konokono.

"Konokono gani hao?" Baba aliuliza. "Wana mapanga?"

Jumatano asubuhi nilimkuta amechuchumaa, licha ya nyonga yake, pua kwenye kioo.

"Nyamaza, binti. Tazama wanavyokwenda."

Nikatazama. Watano walikwenda pamoja polepole, vichwa chini. Mmoja aliinua kichwa, akaangalia huku na huku, akainamisha tena. Nilipopiga chafya wote walikimbilia upande wa pili, kisha wakarudi palepale walipoachia.

"Hawa hawawindi," alisema. "Hawa wako malishoni."

Akachukua wavu, akalowesha mkono, mkono mtupu bila glavu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa amevaa miwani na amefungua mdomo wa samaki kwa ukucha wa kidole gumba, vilevile alivyokuwa akimkagua ndama mnadani. Alimrudisha majini haraka.

"Meno ya kusagia!" Alicheka hadi akashika kiuno. "Binti, nimeuziwa ng'ombe!"

"Ndiyo maana ulivaa zile glavu, Baba. Mikono yako ilijua kabla yako."

Tulicheka wote wawili, halafu tukaligeukia tangi pamoja, maana tulielewa mara moja ni nani aliyekula mimea. Vilikuwa vimebaki visiki. Sietse alikuwa anarudi Ijumaa. Mwamuzi alikuwa anakuja Jumamosi.

Kuanzia hapo mzee alishika zamu. Nyama ilitolewa. Ziliingia njegere zilizochovywa maji ya moto na kumenywa ganda moja moja, jani la saladi, na kipande cha tango kilichochomekwa kwenye uma wangu mzuri ili kizame. Kila siku alibadilisha ndoo moja ya maji. Alifunika nusu ya taa kwa kadibodi kwa sababu mwanga mkali uliwatia hofu. Aliniita nije nione dume, yule mwenye pezi la chini jekundu. Akawapa majina ya ng'ombe wake wa zamani, dume naye akaitwa Boukje, jina la kike, hakujali. Alisema watano ni wachache mno, kundi dogo haliishi kwa raha. Aliongea mpaka nikaanza kuukumbuka ule ukimya.

Ijumaa Sietse aliingia na begi begani. Akasimama mbele ya tangi.

"Froukje."

"Mimi sikugusa," nilisema.

"Ni wangu," Baba alisema, akainuka. "Wanakula majani."

"Naona wanakula majani! Hao ni samaki waitwao dola za fedha, Baba, hata mwanachama wa jana anawajua! Miaka kumi na tisa nimepanda hii mimea! Kesho asubuhi wanarudi walikotoka."

Nilijua samaki wakiondoka, kile kiti kitamchukua mzee, na safari hii hakitamwachia.

Baba hakupandisha sauti. "Wangu walikuwa themanini," alisema. "Waliondoka asubuhi moja, na sikukulaumu hata siku moja. Hawa ni watano tu, mwanangu." Akaenda jikoni kumenya njegere.

Sietse alikaa kwenye kiti cha baba yake bila kuvua koti. Nilimpelekea kahawa na biskuti moja, kama ilivyo desturi. Nikaona haitoshi, nikarudi nikamwekea kopo zima la biskuti.

Jumamosi bwana Terpstra, mwamuzi, alivua viatu mlangoni, akavaa ndara zake mwenyewe alizokuja nazo, akafungua fomu. Alitazama visiki, mawe, na tango kwenye uma.

"Mimea iko wapi?"

"Imeliwa," Sietse alijibu.

"Na nani?"

Mume wangu alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya tangi kama anayelinda lango. "Na ng'ombe wa mzee," alisema.

Bwana Terpstra aliandika kwa muda mrefu. Matangi yaliyoshindana yalikuwa thelathini na moja, na sisi tulikuwa wa thelathini na moja.

Jumapili niliamka kungali giza, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Nilishuka ngazi taratibu. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Sietse, ambaye katika ujana wake wote nyumbani kwa baba yake hakuwahi kuamka saa ya kukamua, alikuwa amesimama sebuleni akiwa na pajama, nywele zimesimama, bakuli la njegere mkononi.

"Umechelewa," Baba alimwambia, akamsogezea kiti.