Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Ni nani aliyekuwa akiimalizia sala yangu migombani? Asubuhi ile sikuthubutu kumwuliza mtu, kwa sababu nyumbani kwetu Uru swali lolote linalohusu pumzi yangu huishia kwa mimi kuletewa kiti.

Nilizaliwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo. Nikiwa bado sijajua kutembea nilipelekwa India, likazibwa. Tangu hapo nimelelewa kama kitu cha kuazima ambacho mwenyewe atakuja kukidai. Sijawahi kukata majani ya ng'ombe wala kuchota maji mferejini. Kila Krismasi, ukoo unaporudi nyumbani na kupanda kwa miguu kupitia kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, hadi kanisani juu, mimi huzungushwa kwa barabara, kiti cha mbele cha pikapu ya baba mkubwa Leodegar. Binamu yangu Basili huniita Abiria wa Kudumu.

Mwaka huu, nikiwa mwaka wa tatu chuoni hapa Moshi, nilijipeleka kliniki mwenyewe. Daktari alinipima, kisha nikatembezwa juu ya mashine huku nyaya zimebandikwa kifuani. Nilichoka mapema kuliko mama mmoja wa umri wa kunizaa aliyenitangulia. Nilimwuliza mtaalamu wa mazoezi, dada aitwaye Gladness, kama tundu limefunguka tena.

"Moyo wako ulishatengenezwa, mdogo wangu," alisema akinibandua nyaya. "Miguu yako ndiyo haijapewa taarifa."

Alinieleza kwamba watu wengi waliozaliwa na kasoro za moyo hukatazwa kujishughulisha tangu utotoni, hata mwili wao ukawa dhaifu kuliko moyo wenyewe. Kila mmoja ana kipimo chake. Majibu yangu yaliniruhusu kupanda mlima taratibu, kila siku. "Nenda kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba," aliniagiza. "Maneno yakianza kukatika, punguza."

Likizo ya Desemba ilipoanza nikawa napanda njia ya kanisani kila asubuhi. Nilihitaji kuongea ili nijipime, na kuongea peke yangu kulinitia aibu, nikachagua rozari. Hiyo ni sala ya kupokezana: mmoja husali nusu ya kwanza ya Salamu Maria, mwingine humjibu nusu ya pili. Mimi nilisali zote mbili, na kila siku pumzi iliniishia mahali pamoja, kwenye kona iliyo katikati ya kihamba. Hapo niligeuka na kurudi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mikahawa. Nilifika konani, nikasali nusu ya kwanza, nikasimama kutafuta hewa. Nusu ya pili ikasaliwa.

Sauti haikuwa kubwa. Ilitoka upande wa kulia, ndani ya kichaka cha migomba kilichoinamia njia, nayo ilikuwa na mkwaruzo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. Ilipumzika pale pale ninapopumzika mimi. Nilidhani ni jirani anayekata majani, nikasema, "Shikamoo." Hakuna aliyeitikia. Ila majani makavu ya migomba yalikuwa yakigonga shina, mapigo mawili mawili, na hapakuwa na upepo. Niliweka vidole shingoni. Yaligonga pamoja na mshipa wangu.

Siku iliyofuata ikawa vile vile. Nilirudi nyumbani nikamkuta Bibi Hilaria, aliyenilea, akimenya ndizi mlangoni mwa jiko.

"Bibi, huwa unanifuata ninapopanda?"

"Mimi na magoti haya? Nikufuate kwa mabawa?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Aliweka kisu chini.

"Upande gani wa njia?"

"Wa kulia, ukiwa unapanda."

"Basi amekwisha kufika njiani," alisema Bibi.

Alinishika mkono akaniongoza hadi nyuma ya nyumba, yalipo makaburi ya ukoo. Kando ya kaburi la babu palikuwa na masale manne, mimea ile tunayopanda mipakani na makaburini, yamezunguka kipande kifupi cha ardhi kilichobonyea. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote. Nilidhani ni cha mtoto aliyekufa zamani.

"Ni chako," Bibi alisema. "Usiku mmoja kabla ya safari ya India, wewe ulikuwa wa buluu, umepoa, tukajua umekwenda. Babu yako akasema hawezi kuchimba kaburi huku analia mbele za watu, akachimba mapema, peke yake. Asubuhi ukafungua macho, ukataka uji. Sasa shimo lile tulifanyeje? Aliogopa kuliacha wazi, akaogopa kulifukia tupu. Akang'oa mgomba mchanga, akaufunga kanga yako, akauzika."

Basili alikuwa amekuja kutusikiliza. "Akauzika na mizizi yake?"

"Na mizizi yake."

"Mzee kalima migomba tangu mkoloni, anazika mgomba na mizizi! Alitegemea nini, Bibi? Ufufuko siku ya tatu?"

"Funga mdomo, wewe," Bibi alimkemea.

Mgomba ulichipua. Kila mkulima wa mlimani anajua kwamba mgomba hautulii: chipukizi hutokea pembeni mwa shina mama, shina mama hufa, na mwaka hadi mwaka kichaka huhama. Nilifuata kwa macho visiki vilivyooza, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye masale hadi kule konani. Miaka yote ambayo mimi nilikatazwa kutembea, kilichozikwa kwa jina langu kilikuwa kinatembea.

"Mkungu wake hatujawahi kuukata," Bibi alisema. "Huiva, huanguka. Nani ale?"

Jioni mama yangu alifika kutoka Mkuu, Rombo, anakofanya kazi. Baba mkubwa Leodegar alipopata habari hakukaa hata chini. "Kutembea kwisha. Gari lipo, na kiti chako kipo."

"Mkikutana naye njiani," Bibi alinong'ona, "atataka nafasi yake, na wewe urudi kwenye yako."

Niliona jinsi wote walivyonitazama kifuani, si usoni, kama walivyonitazama siku zote, nikaelewa kwamba nikikubali kiti kile jioni hii nitakaa juu yake mpaka wanishushe penye masale.

Niliogopa, sitasema uongo. Hata hivyo, kulipokucha nilikwenda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nililifikia lile shina kabla sijaliona. Niliweka kiganja juu yake. Lilikuwa na ubaridi na unyevu, na ndani yake kitu kilikuwa kikigonga. Inawezekana kilikuwa kiganja changu. Safari hii sikuanza sala. Nilinyamaza, nikangoja.

Sauti ikaanza yenyewe nusu ya kwanza.

Nilimjibu nusu ya pili. Nikaondoa mkono, nikapiga hatua, naye akaanza tena, karibu na bega langu la kulia, taratibu, bila kunitangulia. Maneno yangu hayakukatika. Tulipokezana hivyo kupita mfereji, kupita mpaka wa jirani, hadi nilipoishika rozari kwenye msalaba wake na kukuta imekwisha. Nilijibu neno la mwisho mbele ya ukuta mweupe. Ulikuwa ukuta wa kanisa. Niligeuka kumtazama. Ukungu ulikuwa mtupu, na njia niliyopanda ilikuwa na nyayo za miguu yangu, na kando yake umande ulikuwa umefutwa majanini, upana wa mtu mmoja, mpaka pale niliposimama.

Nilipoteremka, upande ule umande ulikuwa umerudi.

Nyumbani niliwakuta wote uani. Baba mkubwa tayari ana funguo za gari mkononi.

"Umefika wapi?" mama aliuliza.

"Kanisani."

Basili alipiga mluzi. "Abiria kashuka!"

"Na yeye?" Bibi aliuliza, akitazama nyuma yangu.

"Alinisindikiza, Bibi. Hakudai kitu."

Nilichukua panga ukutani, nikampa Basili.

"Krismasi nitapanda kwa miguu pamoja nanyi, na baada ya Krismasi nitapanda kila siku. Baba mkubwa, kiti cha mbele mpe Bibi. Basili, ukaukate ule mkungu. Nitaumenya mwenyewe, tupike mtori, na mimi nitakuwa wa kwanza kula."