Chupa ya Alimasi

Alimasi alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza kwenye usukani. Watu wa Kalundu walimjua kama dereva wa ile Carina nyeupe, mpole wa maneno lakini mzito wa mguu: akikanyaga akseli, abiria wa nyuma walishikana mikono hata kama hawajuani. Shule aliiacha mapema, biashara ya baba yake ya ng'ambo ya ziwa ilipokufa, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lenye uzito. Kisha akatengeneza chupa, na kabla ya wiki mbili kwisha parkingi nzima ya bandarini ilikuwa inamwita Injeniyeri.

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki ngumu, kubwa kama kibuyu cha maziwa. Ndani yake alipanga vipande vinane vya inox, chuma kisichoshika kutu, alivyokatiwa na fundi wa milango, akatia maji yenye magadi kidogo, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye batri. Mrija mwembamba ulitoka kwenye kifuniko ukaingia mahali moteri inapovutia hewa. Aliiona kazi hiyo kwenye video ya simu. Umeme unayavunja maji, alisema bwana wa kwenye video, hidrojeni inatoka, moteri inaivuta pamoja na hewa, esanse, yaani petroli, inaungua mpaka tone la mwisho. Alimasi aliirudia video hiyo hadi mkewe Upendo akaijua salamu ya yule bwana bila kutazama.

Mwezi huo esanse ilikuwa ya shida. Malori yalichelewa, foleni kwenye pompa zilianza alfajiri, na madereva wengine walikosa kazi siku nzima. Kwa hiyo Alimasi aliposema kwamba safari zake saba za kutwa, Kalundu hadi mpakani Kavimvira na kurudi, zilizokuwa zikila lita kumi na nne, sasa zinakula kumi na moja, watu hawakucheka. Walikuja kufungua kapo, kile kifuniko cha moteri, wajionee. Waliinama, wakatazama povu likichemka chupani, wakainuka wakitikisa vichwa.

"Injeniyeri, na minye unitengenezee," alisema Sévère, prezida wa madereva wa parkingi, mtu mnene ambaye hakuwa na desturi ya kuomba. "Tuko kumi na mmoja. Jumamosi tunaleta magari yote."

Alimasi aliitikia kama mtu anayeombwa kitu kidogo. Lakini jioni hiyo aliporudi nyumbani alipita kwanza mbele ya kioo cha Upendo, akajitazama kwa ubavu.

Abiria wake wa kila asubuhi alikuwa Madame Félicité, aliyepanda Kalundu na kushuka Songo, ambako alifundisha kemia shule ya sekondari. Alikaa kiti cha mbele, madaftari ya wanafunzi mapajani. Siku Alimasi alipomweleza habari ya chupa, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, akimwita kwa jina la mwanawe:

"Papa Tariki, umeme wa kuvunja hayo maji unatoka wapi?"

"Kwenye batri."

"Na batri inajazwa na nani?"

"Dinamo."

"Na dinamo inazungushwa na nani?"

"Moteri, Madame."

"Na moteri inakula nini?"

Alimasi aliendesha mpaka wakavuka daraja la Mulongwe. Aliona wazi anapopelekwa, na hakupapenda. Moteri ilikula esanse ili izungushe dinamo, ili dinamo itoe umeme, ili umeme utoe hidrojeni, ili hidrojeni iirudishie moteri kile kile ilichotoa, tena kikiwa kimepungua njiani.

"Madame, minye sikusoma hayo," alisema hatimaye. "Lakini lita nazipima mwenyewe. Zilikuwa kumi na nne, sasa iko kumi na moja. Hizo tatu zimeenda wapi?"

Alitegemea mwalimu acheke, au amwambie amekosea kupima. Félicité hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja uso, akatazama ziwa upande wa kulia.

"Hilo sijui," alisema. "Kitabu kinaniambia haiwezekani, weye unaniambia imewezekana. Basi tuulize gari lenyewe."

Alichopendekeza kilikuwa chepesi. Kwa siku kumi na mbili Alimasi aendeshe safari zake saba kama kawaida. Siku ya kwanza ajaze tangi mpaka mdomoni, na kila jioni ajaze tena kwenye pompa ile ile, aandike lita zilizoingia. Chupa ibaki mahali pake. Lakini kabla hajaamka, mtu mwingine afungue kapo, na siku nyingine aache fyuzi inayoipa chupa umeme, siku nyingine aitoe. Alimasi asijue ipi ni ipi, na asifungue kapo mpaka siku ziishe.

"Juu ya nini nisijue?" aliuliza Alimasi.

"Kwa sababu mguu wako una masikio," alisema Félicité.

Mtu huyo mwingine alikuwa Upendo, na hakuna kazi aliyowahi kupewa akaipenda kama hiyo. Kila alfajiri alirusha kifuniko cha soda juu. Kikiangukia uso fyuzi inabaki, kikiangukia mgongo inatoka. Kisha aliandika kwenye daftari na kulificha ndani ya debe la unga wa muhogo, akijua mumewe hathubutu kutia mkono humo akiwa amevaa shati la kazi. Sévère alipoambiwa kwamba Jumamosi imesogezwa mbele kwa wiki mbili, alinuna, lakini akakubali.

Alimasi hakuweza kuvumilia. Mezani alimtega mkewe.

"Chai ya leo imekolea," alisema. "Muntu akiwa na siri nzuri, chai yake inakolea."

"Kunywa uende, Baba Tariki."

Siku ya tatu alirudi akiwa na uhakika. Gari liliruka kama limesukumwa na upepo, alisema, hata mlima wa kutoka bandarini lilipanda likiimba. Leo chupa ilikuwa inafanya kazi, yeye si mtoto. Upendo alichukua ndoo akatoka nje upesi, na Alimasi akamsikia akicheka peke yake nyuma ya jiko. Siku ya nane alilalamika kwamba gari ni zito kama limepakia simenti. Upendo alimpa pole, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya kumi na mbili ilipokwisha, Félicité alikuja kwao baada ya shule. Walikaa uani, daftari la Upendo likiwa bado jeupe kwa unga, na karatasi ya Alimasi pembeni yake. Mwalimu aliandika lita za siku za chupa upande mmoja na za siku bila chupa upande wa pili. Siku zilikuwa sita kwa sita. Alijumlisha, akagawa, akarudia, kisha akageuza karatasi ili Alimasi asome mwenyewe.

Siku za chupa zilikula lita kumi na moja na robo. Siku bila chupa, kumi na moja kamili.

Alimasi alisoma mara mbili. Aliwaza mlima wa bandarini, na gari lililopanda likiimba.

"Ile siku ya tatu," alimwuliza mkewe.

"Fyuzi ilikuwa mfukoni mwangu," alisema Upendo, kwa upole kadiri alivyoweza.

Upendo alipangusa unga kwenye daftari. Mwishowe ni Félicité aliyesema kwamba swali la Papa Tariki bado halijajibiwa. Zamani gari lilikula kumi na nne, na sasa linakula kumi na moja, iwe na chupa, iwe bila chupa. Lita tatu zimepatikana kweli. Nani amezipata?

"Minye naweza kusema?" aliuliza Upendo. "Tangu chupa iingie kwenye gari, nikipanda sishiki tena mlango. Unaendesha kama umebeba maiti ya chifu."

Alimasi alitaka kubisha, akaukumbuka mguu wake. Ilikuwa kweli. Akifunga breki kwa nguvu, maji ya magadi yalimwagika kwenye mrija yakaelekea moteri. Akikanyaga akseli ghafla, ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo alijifunza kuyaona mashimo toka mbali na kuachia gari litembee lenyewe kabla ya kusimama. Tena yule bwana wa video alisema kwamba kabla ya kufunga chupa ni lazima kusafisha moteri. Alimasi alibadilisha bujii zote nne, zile plagi za kuwashia moto, akatoa filtre ya hewa iliyokuwa nyeusi kama sufuria, akajaza upepo magurudumu. Mambo hayo hakuwahi kuyataja pale parkingi. Aliyaona madogo.

"Basi injeniyeri ni hayo madogo," alisema Félicité.

Usiku huo Alimasi hakuwazia esanse. Aliwazia Jumamosi, na watu kumi na mmoja waliokwisha kununua vipande vya inox. Angeweza kuwafungia chupa, nao wangeendesha polepole kwa kuhofia maji, na wangepata nafuu, na jina lake lingebaki. Alilipenda lile jina. Alijigeuza kitandani mara nyingi mpaka Upendo akamwambia, bila kufumbua macho, kwamba aseme ukweli wapate kulala.

Jumamosi alisimama mbele ya madereva wote akiwa na ile karatasi, akawasomea. Alipofika siku ya tatu aliishusha karatasi, akaisimulia hiyo siku yote, na wimbo wa gari na fyuzi mfukoni mwa mkewe. Kwanza waliitazama karatasi. Halafu mmoja alianza kucheka, na kicheko kikaenea hadi kwa wapagazi wa samaki waliokuwa wakipita.

Sévère peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo hivi vyuma nitavifanyia nini?"

"Vyuma tutaona. Fungua kapo, Prezida."

Alimasi alivua shati, akatoa filtre ya hewa ya gari la Sévère, akaigonga chini. Ulimwagika unga wa muhogo, kiasi cha kutosha ugali wa mtu mmoja. Sévère alikuwa akibeba magunia kutoka uwanda wa Ruzizi kila wiki, na gari lilikuwa likivuta pumzi kupitia unga huo tangu sijui lini. Hapo ndipo naye alipocheka, kwa kelele kuliko wote. Walifanya kazi mpaka adhuhuri, gari kwa gari, bujii, filtre, upepo, na kila aliyemaliza aliendesha mzunguko mmoja, Alimasi akiwa kiti cha pembeni, ajifunze kuachia akseli mapema.

Wiki tatu baadaye esanse ilikuwa imerudi kwenye pompa, na kumi kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamepunguza lita mbili au zaidi kwa siku. Mmoja alikataa kubadilisha mguu wake. Sévère alifunga chupa hata hivyo, kwa sababu vyuma alishavinunua na povu lilimfurahisha.

Chupa ya Alimasi ilikwenda Songo. Félicité aliiomba kwa ajili ya darasa lake, kisha akamwomba na mwenyewe aje nayo. Alisimama mbele ya wanafunzi arobaini akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akaunganisha nyaya kwenye batri, akatumbukiza ncha ya mrija kwenye sahani ya maji ya sabuni. Mapovu machache yalijikusanya. Félicité aliwasogeza wote nyuma, akayagusa kwa kijiti kirefu chenye moto.

Mlio ulikuwa mkali kama kofi la mkono mkubwa. Darasa zima liliruka, kisha likaomba tena. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, Fabiola, alinyoosha mkono akauliza ni mapovu mangapi yangehitajika kulifikisha gari Kavimvira, bila esanse kabisa.

Alimasi alimtazama mwalimu. Félicité alimpa chaki.

Walianza kupiga hesabu ubaoni wote pamoja, wanafunzi wakipaza namba, yeye akiandika. Hesabu ilivuka ubao wa kwanza, ikaingia wa pili. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, abiria wawili walikuwa wameshakaa ndani ya Carina, na mmoja wao akaanza kupiga honi.

"Dakika tano," alisema Alimasi dirishani, akarudi ubaoni.