Mamajusi Wenye Haraka

Mamajusi walikuwa wanatembea wenyewe, na Mzee Funguo hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Kazi ya kuwatembeza ilikuwa yake. Kila Noeli, kwa miaka thelathini ya kulitunza kanisa kama sakristani, aliwaweka wale wafalme watatu wa plasta karibu na mlango mkubwa, kisha kila siku baada ya misa akawasogeza benchi moja. Mabenchi yalikuwa kumi na mawili. Tarehe sita Januari, Tokeo la Bwana, wakawa wamefika pangoni kwa Mtoto, hawajachelewa wala kuwahi. Hata yule aliyekatika pua.

Mwaka huu, Jumapili aliwaacha benchi la pili. Jumatatu asubuhi akawakuta la nne. Akawarudisha la tatu, mahali pao pa siku hiyo, huku akiwanong'oneza kwamba hao ndio Mamajusi wa kwanza duniani kurudishwa kwa nguvu. Jumanne akawakuta la sita.

"Ni kaka yako," alimwambia mkewe.

"Kaka yangu awahamishe ili iweje?"

"Ili nionekane nimechanganyikiwa, apewe funguo."

Mkewe aliendelea kuchambua mchele. Lakini mzee alikuwa na sababu. Paroko mpya, padri mpole anayetoa matangazo kama anayemnong'oneza mchumba, alikuwa amemwita kabla ya Noeli. Kengele ya mageuzo, ile anayopaswa kuigonga padri akiinua hostia, ilikuwa imempita mara mbili. Ikitokea kosa jingine kwenye sikukuu, Paroko alisema, funguo angempa katekista. Na katekista ndiye shemeji huyohuyo.

Kengele haikumpita kwa uzembe. Sikio lake la kulia lilikuwa limefunga duka tangu Pasaka, na la kushoto lilikuwa linafungua kwa zamu. Hakuna aliyeambiwa. Padri akitangaza, mzee anatikisa kichwa kukubali. Watu wakicheka, naye anacheka, nusu dakika baadaye.

Wiki nzima akampima shemeji yake kwa macho. Kwa nini anamwangalia masikio? Kwa nini anazunguka na kuja mbele yake kila akitaka kusema? Mtu mwema hazunguki hivyo.

Jumamosi mchana mzee aliwaweka Mamajusi benchi la nane, akaingia kwenye kiti cha kitubio, akavuta pazia na kuacha upenyo wa jicho moja. Akakaa kimya kabisa, kimya ambacho, kwa maelezo yake ya baadaye, hata mbu aliyempita aliomba radhi.

Katekista akaingia. Akapiga goti, akaelekea moja kwa moja kwa Mamajusi, akawabeba mmoja mmoja hadi la kumi na moja. Kisha, akiwa bado amesimama ubavu, midomo yake ikacheza.

Mzee akatoka kwa kishindo. "Leo nimekukamata, shemeji."

Katekista akaja mbele yake, uso kwa uso. "Nimesema toka humo. Funguo zako zinalia tangu nilipofika mlangoni. Husikii?"

Mzee akaushika mtungo wa funguo kiunoni. Kweli ulikuwa unatikisika pamoja na mguu wake.

"Usinibadilishie mada. Unawakimbiza wapi wafalme wangu?"

"Tokeo la Bwana ni kesho. Mwaka huu tunalisherehekea Jumapili. Paroko alitangaza wiki iliyopita, nawe ukatikisa kichwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, pale sakristia. Mara ya kwanza ulinijibu umeshakula. Ya pili ulisema mguu hauna neno, unaendelea vizuri." Akapangusa vumbi kwenye pua iliyokatika. "Kesho wangekutwa katikati ya kanisa, na wewe ungeziacha funguo hapohapo."

Mzee akakaa benchini. Ndipo alipoona shemeji yake anaangalia nyuma ya mgongo wake. Paroko alikuwa amesimama hapo na stola yake, anasema kitu.

Kichwa kilianza kutikisika chenyewe. Mzee akakizuia.

"Padri, njoo huku mbele useme tena," alisema. "Sikio la upande huo halisikii. Na zile kengele zilizonipita, ndiyo sababu."

Paroko akawaangalia wote wawili, kisha Mamajusi. Akasogea, akainua sauti mpaka njiwa wa darini wakaruka. "Nimeuliza, kesho kengele atagonga nani?"

"Mimi," mzee akasema. "Shemeji akinigusa bega."

Paroko akafikiri, akaingia kwenye kitubio bila kudai funguo.

Nyumbani, mzee alizihesabu funguo mara mbili hata hivyo. Kule kanisani shemeji alikuwa amesimama karibu naye mno.

Zilikuwa zote saba.