Kitambaa Chekundu cha Yudith

Mwaka ule wa 1954, huko kwenye vilima vya Tukuyu, hata waliobatizwa walikuwa bado wanaona haya baba mkwe kukutana uso kwa uso na mke wa mwanawe. Mwanamke akitokea, mzee huiacha njia, akageukia migomba mpaka apite. Kwa hiyo Yudith, mke wa Gideoni, alijifunga kitambaa chekundu kichwani ili mkwewe, mzee Asukile, amtambue kwa mbali.

Lakini Asukile hakuiacha njia. Mara ya kwanza Gideoni alisema ni uzee tu. Mara ya pili Yudith alikuwa akitoka chemchemini, na mzee akaja moja kwa moja mpaka macho yao yakakutana. Yudith alijitupa kwenye mibuni, mtungi ukapasuka. Kufika jioni watu walikuwa wananong'ona kwamba mzee anamtamani mkaza mwana wake. Yudith akafunga mizigo arudi kwao, na Gideoni, Mungu amsamehe, alisadiki.

Alimkuta baba yake uani. Akamuuliza kwa ukali kama kitambaa hakukiona.

"Nilikiona alipofika karibu. Kwa mbali nilidhani majani."

Gideoni aliona anafanywa mjinga. Kitambaa chekundu vile, katikati ya migomba, nani asikione? Kwa hasira akachuma kahawa, mbivu tatu nyekundu na mbichi tatu za kijani, akamwekea mzee kiganjani, akamwambia atenge mbivu. Mzee akaanza kuzibonyeza moja moja kwa kidole gumba.

Gideoni akamwambia asibonyeze, atazame tu.

Asukile akatazama, akatazama tena, jasho likimtoka. Mwishowe akatenga mbili. Zote zilikuwa mbichi.

Hasira ikamwisha Gideoni. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Niseme nini? Nilijua wote tunaona hivihivi, ila ninyi mna akili kunizidi."

Gideoni aliinamisha uso. Alitamani ardhi impasukie. Mzee akazifumba zile kahawa mkononi, akauliza kwa upole kwa nini mkaza mwana amefunga mizigo. Ni kwa ajili ya mtungi?

Hapo Gideoni akatambua kwamba ule uvumi haujamfikia.

"Ndiyo, baba," akasema bila kumtazama. "Ni mtungi tu."

"Basi mwambie asiende," Asukile akasema. "Nitamnunulia mwingine."