Maharage Yaliyoota

Bibi Josepha alikuwa hali chakula. Tangu atoke hospitali kwa malaria, uji ulimchefua, ugali ulimkwama, hata samaki aina ya sato aliokuwa akiwapenda aliwageuzia uso. Advera, mke wa mwanawe Octavian, ndiye aliyemuuguza hapo nyumbani kwao Chemchem. Alimwita Mayu, yaani mama, kama watoto wake wa kuzaa walivyomwita. Kila sahani iliyorudi jikoni imejaa ilimvunja moyo.

Shoga yake Fakhria, mwenye duka la nafaka Mtendeni, ndiye aliyemfundisha kuotesha choroko: unaziloweka, unazichuja, unazifunika kwa kitambaa kibichi na kuzisuuza asubuhi na jioni mpaka zitoe vimkia vyeupe.

"Halafu usizipike, shoga," Fakhria alisisitiza. "Kamulia ndimu, tia chumvi, basi. Ukizipika, umerudi kule kule kwenye mboga."

Bibi Josepha alizionja kwa mashaka. Akatafuna, akameza.

"Sasa unanilisha kama sungura," alisema. Lakini sahani ilirudi tupu. Advera alipiga magoti pale pale jikoni, kando ya ndoo ya maji, akamshukuru Mungu.

Kisha choroko zikaadimika. Gunia la Fakhria liliisha, na jingine lilikuwa bado njiani. Advera alirudi nyumbani mikono mitupu, na jicho lake likaangukia maharage mekundu ambayo wifi yake Flavia aliyaleta kutoka shamba la Bibi Josepha mwenyewe, kule karibu na Kipalapala. Kama choroko zinaota, aliwaza, haya yatashindwa nini? Tena ni jasho la Mayu mwenyewe, atafurahi.

Yaliota vizuri kuliko choroko. Yalivimba, yakapasuka, yakatoa mikia minene. Aliyakamulia ndimu, akatia chumvi. Motoni hakuyapitisha.

"Ya shambani kwako, Mayu."

"Yangu?" Uso wa bibi ukachangamka. Akala, akaomba aongezwe.

Jua halijatua akaanza kutapika. Alitapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutoka, na bado mwili ukaendelea kujikamua. Advera alimshika kichwa huku akisali Salamu Maria, akikosea maneno aliyoyajua tangu utotoni. Octavian alikimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Hospitalini muuguzi alimsikiliza Advera mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Choroko sawa. Lakini maharage haya mekundu hayaliwi mabichi, hata yakiota. Yana sumu mpaka yachemke sawasawa. Atapona, dada, usilie."

Bibi Josepha, aliyedhaniwa kalala na dripu yake mkononi, akafumbua macho.

"Sumu?"

"Imo ndani ya maharage yenyewe, bibi. Hakuna aliyeitia."

"Nimelima maharage maisha yangu yote," bibi alisema polepole. "Sijapata kusikia."

Akamtazama Advera. Halikuwa jicho la hasira. Afadhali lingekuwa la hasira.

Waliporudi nyumbani, Advera alipika uji mwepesi, akaketi mbele ya mama mkwe wake, akanywa kwanza yeye, kijiko baada ya kijiko, ili aonekane anameza.

"Umeona, Mayu? Karibu."

"Wewe bado una nguvu, mwanangu," bibi alijibu kwa upole. "Tumbo lako si langu."

Octavian alimwambia mkewe ampe mama muda. Flavia, aliyekuja kumchukua mama yake akaugulie shambani, alimvuta Advera pembeni. "Wifi, mimi najua hukukusudia. Nimemwambia mpaka nimechoka. Simwezi."

Advera naye alijaribu tena kueleza. Kila alipoeleza, alijisikia kama mtu anayejitetea, na kila aliponyamaza, kama mtu anayekiri. Alimwomba Mungu aliyeona yote amsemee.

Siku ya safari alichemsha yai, akalipeleka katika kisahani, akanyoosha mkono amenye ganda.

"Acha," bibi alisema. "Nitalimenya mwenyewe."

Aliligeuza taratibu mkononi, akilikagua lisiwe na ufa. Halafu akafumba macho kabla ya kula.

"Ee Bwana, bariki chakula hiki. Unikinge na kila baya lililojificha ndani yake, nisilolijua."

Akangoja kuitikiwa. Hapakuwa na mwingine chumbani.

"Amina," Advera akaitikia.